Saa Mia za Kwanza

Reino amenunua televisheni ya plazma,
inchi hamsini, nzito kama ng'ombe aliyelala.
Wanaume wawili waliipandisha ngazi za barafu
wakitukana kwa adabu, kwa kuwa nilisimama mlangoni.
Kijana wa dukani alimwambia, akarudia:
saa mia za kwanza usiitie pupa.
Shusha mwanga. Shusha ukali wa rangi.
Usiache kitu kigande mahali pamoja,
nembo ya kituo, mstari wa habari, ubao wa magoli,
maana kioo kichanga hushika upesi
na kikishika kina kinyongo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu wetu kapewa siku nne na kubembelezwa.

Miaka thelathini na moja Reino alishuka
chini ya ardhi ya Sudbury kuchimba nikeli,
na hakuna mashine aliyowahi kuionea huruma.
Leo anavaa miwani, anasoma kijitabu cha maelekezo
kwa sauti, kama anayesoma wosia.
Ana daftari. Anaandika kwa penseli:
Jumatano, saa kumi na nne zimeliwa.
Alhamisi, ishirini na nane.

Na tunatazama nini? Rangi.
Kisahani kinazunguka: nyekundu,
kijani, buluu, nyeupe, kijivu,
kisha nyekundu tena.
Hakuna mtu, hakuna neno.
Nafuma soksi, na uzi wangu mweupe
unakuwa damu, unakuwa majani, unakuwa ziwa.
Theluji chini ya dirisha inabadilika nao.
Bibi Pelletier wa ng'ambo ya barabara akapiga simu
kuuliza kama tumeita gari la wagonjwa.

Jumamosi, saa ya sitini na moja, akaja Eero.
Mwanangu huyu yuko kwenye mgodi wa almasi, kaskazini kabisa,
ambako barabara ni ziwa lililoganda.
Kila akija ni kwa siku mbili,
na moja huimalizia usingizini.
Akavua buti, akautazama ukuta wa buluu.
"Baba, leo kuna mchezo."
"Zimebaki thelathini na tisa."
"Thelathini na tisa nini?"
Reino akamwonyesha daftari.
Sijawahi kuona mtu akicheka vile na asiudhi.

Wakaenda sauna, baba na mwana, mlango ukafungwa.
Waliongea nini mle sijui; wanaume hawa
husema yao kwa kumwagia mawe maji.
Walirudi wekundu bila msaada wa kisahani,
na Reino akachukua rimoti:
"Kipindi kimoja tu."

Vikawa vitatu. Ukaja muda wa ziada, na mwingine.
Mbili kwa mbili, mbili kwa mbili,
ubao mdogo umeganda juu, pembe ya kushoto,
kama stempu kwenye barua,
na hakuna aliyefunga, na hakuna aliyesema tuzime.
Eero alisinzia, kichwa begani kwa baba yake.
Reino hakujisogeza, hata mkono ulipokufa ganzi.
Goli lilipoingia
hakushangilia.

Alfajiri trekta la theluji lilipita, na Eero nyuma yake.
Reino akaweka kijivu.
Pale pembeni, hafifu,
kama duara la kikombe juu ya meza:
2 – 2.
Nilingoja alaani. Kijitabu kinasema
weka nyeupe saa nzima, kivuli kitaondoka.
Akashika rimoti. Akaiweka chini.
Daftarini hakuandika kitu.

Kufikia Jumatano kilikuwa kimejifutia,
bila nyeupe, bila ruhusa.
Kijana wa dukani alisema kweli:
kuna kovu, na kuna alama ya mto shavuni.

Saa mia zimetimia. Tunaweza kutazama lolote.
Jana usiku nilishuka kunywa maji
nikamkuta amezima taa, kioo kijivu,
amepiga magoti, pua karibu na pembe ya kushoto,
anainamisha kichwa huku, anainamisha kule,
kama mtu aliyeangusha sindano.
"Unatafuta nini?"
"Vumbi."
Nikamletea kitambaa.
Hakukitumia.